Mpango wa moto wa nyumba ya makumbusho uandikwe kwa ajili ya mlinzi wa usiku

Nyumba nyingi za kihistoria zinazopokea wageni leo hazikujengwa kwa kazi hiyo. Zilikuwa nyumba za watu. Zina ngazi nyembamba ya mbao, mlango mmoja mkubwa wa mbele, madirisha yenye nondo, na dari ambayo hakuna aliyechungulia juu yake tangu fundi wa mwisho aliposhuka. Hapa Dar es Salaam tunazo za namna mbalimbali. Ipo nyumba ya Magomeni alikoishi Mwalimu Nyerere wakati wa kudai uhuru, ambayo sasa ni makumbusho. Lipo Boma la Kale pale Sokoine Drive, la mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, la tangu miaka ya 1860 enzi za Sultani Majid. Zipo nyumba za asili za Kijiji cha Makumbusho, kilichofunguliwa miaka ya 1960 kando ya barabara ya Bagamoyo, nyingine zimeezekwa kwa nyasi tupu. Kila moja ina namna yake ya kuungua, na hakuna hata moja inayoweza kujengwa upya ikawa ile ile.

Nimefanya kazi ya uhifadhi na kutembeza wageni kwenye nyumba za kale za mji huu kwa miaka mingi, na ushauri ninaotaka kuutoa ni mmoja. Mengine yote yanaufuata. Unapoandika mpango wa moto, usimwandikie mkurugenzi wala mkaguzi. Mwandikie mlinzi wa usiku.

Angalia moto mkubwa unatokea saa ngapi. Makumbusho ya Taifa ya Brazil mjini Rio de Janeiro, iliyokuwa ndani ya jumba la zamani la wafalme, iliungua jioni ya Jumapili tarehe 2 Septemba 2018, wageni wakiwa wameshaondoka. Makaburi ya Kasubi ya wafalme wa Buganda, jirani zetu hapo Kampala, yaliungua usiku wa tarehe 16 Machi 2010. Soko letu la Kariakoo liliwaka usiku wa Jumamosi, tarehe 10 Julai 2021. Mchana nako moto unatokea. Nyumba ya Uppark kule Uingereza ilishika moto mchana wa Agosti 1989 kutokana na mafundi waliokuwa wakichomelea madini ya risasi juu ya paa. Lakini mchana watu wapo, na Uppark walipanga mstari wakapokezana vitu hadi sehemu kubwa ya mali iliyokuwa ghorofa ya chini ikatoka. Usiku yupo mtu mmoja, ana tochi na simu.

Nyumba moja niliyofanyia kazi ilikuwa na mpango wa dharura wa kurasa nyingi, umechapwa vizuri, umewekwa jalada na sahihi. Ulikaa ndani ya kabati la ofisi, na ofisi ilifungwa saa kumi jioni. Usiku mmoja wa masika umeme ulikuwa unakatika na kurudi, unakatika na kurudi, mlinzi akasikia harufu ya plastiki inayoungua ikitoka chumba cha maonyesho. Hakuwa na ufunguo wa chumba kile. Hakujua meni swichi iko wapi. Mtungi wa kuzimia moto aliuona kila siku ukutani lakini hakuna aliyewahi kumshikisha. Akaenda kumgongea jirani, fundi umeme, wakakata umeme kwenye mita ya LUKU ambayo kwa bahati ilikuwa ukuta wa nje. Asubuhi tulipofungua tulikuta ekstensheni imeyeyuka nyuma ya kabati la vioo na ubao wa kabati umebabuka kwa mkono mzima. Kilichookoa nyumba ni pua ya mlinzi, jirani mwema, na mita kuwa nje. Hakuna kati ya hivyo vitatu kilichoandikwa kwenye ule mpango.

Kwa hiyo anza na ukurasa mmoja. Uandike kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, uuweke plastiki, uutundike ndani ya kibanda cha mlinzi. Usiweke neno ambalo mlinzi hatalielewa akiwa anatetemeka. Watu kwanza: kama kuna mtu ndani, atoke. Kisha simu 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Na hapa usiishie kuandika namba, andika na maneno ya kusema, kwa sababu mtu aliyeshtuka husema tu “njooni haraka nyumba inaungua” na kukata simu. Andika jina la mtaa, kata, alama ambayo kila dereva anaijua, msikiti au shule au kituo cha daladala, geti liko upande gani, na kama kuna watu wamebaki ndani. Kisha kufungua geti na kwenda kukata umeme. Kisha namba mbili za watu wanaoishi karibu, siyo bosi anayekaa mbali na anayezima simu akilala. Baada ya hapo mlinzi asimame barabarani alipokee gari la zimamoto. Hiyo ndiyo kazi yake. Kuingia ndani kuokoa vitu si kazi yake, na iandikwe wazi hivyo, maana vijana wetu ni wajasiri na hakuna kiti cha historia kinachostahili roho ya mtu.

Ukurasa peke yake hautoshi kama aliyepo zamu hajawahi kuiona nyumba kwa ndani. Walinzi wengi wanatoka makampuni ya ulinzi na wanabadilishwa mara kwa mara. Niliweka utaratibu kwamba hakuna mlinzi mpya anayeanza zamu kabla ya kuzungushwa nyumba nzima, na azungushwe usiku, taa zikiwa zimezimwa, akiwa na tochi yake. Aguse swichi kuu kwa mkono wake. Anyanyue mtungi ajue uzito wake. Ataje majina ya vyumba. Majina ya vyumba yana uzito kuliko watu wanavyodhani. Kanisa kuu la Notre-Dame mjini Paris lilipoungua tarehe 15 Aprili 2019, king’ora kililia mapema, lakini mlinzi akaelekezwa kukagua paa lisilohusika, na karibu nusu saa ikapotea moto ukiendelea kushika mbao. Ikiwa wewe unakiita “chumba cha mapokezi”, mhasibu anakiita “stoo ya zamani” na mlinzi anakiita “pale penye redio”, basi mna tatizo lile lile. Chagueni jina moja, liandikwe juu ya kila mlango.

Funguo. Hili ndilo linaloleta mabishano makali kuliko yote, kwa sababu hofu ya wizi ipo kila siku na hofu ya moto ipo mara chache. Viongozi wengi hawataki mlinzi awe na funguo za vyumba vya maonyesho, na siwalaumu. Suluhisho lililonifaa ni kisanduku cha chuma ndani ya kibanda, funguo zote zikiwa na vibao vya majina, kimefungwa kwa lakiri yenye namba. Kila asubuhi namba inaandikwa kwenye daftari la zamu. Lakiri ikikatwa bila sababu inajulikana hiyo hiyo asubuhi. Zimamoto wakifika, wanapewa kisanduku badala ya kuvunja mlango wa mvule uliochongwa ambao nao ni sehemu ya urithi wenyewe. Na kwa mchana, wageni wakiwemo, milango ya kutokea isifungwe kwa kufuli kabisa. Nondo za madirisha ya ghorofani ziwe na walau dirisha moja linalofunguka kutokea ndani. Nimeona makundi ya wanafunzi yakijazwa ghorofani hadi ngazi inalia, huku mlango wa nyuma umewekewa meza ya kuuzia vinyago. Idadi ya watoto wanaopanda kwa pamoja iwekwe na isimamiwe hata mwalimu akilalamika kwamba basi linasubiri.

Sasa umeme, ambao ndio adui mkubwa. Uchunguzi wa Rio uliishia kwenye kiyoyozi. Clandon Park, nyumba ya karne ya 18 kule Surrey iliyoungua tarehe 29 Aprili 2015, ilianza kwenye ubao wa kugawia umeme. Kasri la Windsor mwaka 1992, taa kali iliyogusana na pazia. Nyumba zetu zilifungwa nyaya za kutosha balbu chache na redio, halafu tukaja sisi na viyoyozi, kamera, projekta na friji ya soda za wageni, vyote kwenye soketi zile zile. Ongeza hewa ya chumvi ya pwani inayokula viungio vya shaba, panya wanaotafuna nyaya juu ya dari, na umeme unaorudi kwa nguvu baada ya kukatika. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti nishati na maji, akague na aandike ripoti, siyo fundi wa kuegesha tu. Mwombe atenganishe laini: laini ya taa za ulinzi na vitambua moshi ibaki usiku kucha, iliyobaki yote izimwe kwa swichi moja wakati wa kufunga. Swichi hiyo iwe mahali mlinzi anaweza kuifikia bila kuingia ndani. Kama kuna kazi moja tu utakayoilipia mwaka huu, ilipie hiyo.

Clandon inafundisha jambo jingine ambalo linatuhusu moja kwa moja. Moto ulianzia chini, ukapanda kupitia nafasi zilizofichika ndani ya kuta na sakafu, ukatokeza juu, na nyumba ikabaki kuta; chumba kimoja tu ndicho kilichopona karibu kizima. Nyumba zetu nyingi zina dari ya mbao iliyotandazwa juu ya vyumba vyote bila ukuta wa kukatisha. Moto ukishafika juu ya dari, unatembea juu ya vichwa vya watu wanaozima chumba kingine kabisa. Pandeni mkatazame. Ondoeni viota, magazeti ya zamani na vumbi la miaka, na kama ufundi unaruhusu bila kuharibu jengo, zibeni zile nafasi. Na usiku fungeni milango ya ndani yote. Mlango wa mbao nzito uliofungwa unachelewesha moto kwa dakika ambazo gari la zimamoto linazihitaji likiwa kwenye foleni.

Mafundi wa ukarabati wanahitaji sheria yao. Asiwepo fundi wa kuchomelea ndani ya nyumba ya kale bila kibali cha siku hiyo chenye sahihi ya mhifadhi, mtungi pembeni yake, na mtu wa kubaki akiangalia walau saa nzima baada ya kazi kuisha. Cheche inaweza kukaa ndani ya ufa wa boriti na kuamka watu wakiwa nyumbani. Tina, vanishi, dawa ya mchwa na petroli ya jenereta visilale ndani, hasa siyo chini ya ngazi, ambako kila nyumba niliyoiona imevijaza.

Kuhusu mama lishe aliyeweka jiko lake la mkaa kwenye ukuta wa nje: wengi hukimbilia kumfukuza. Mimi nilizungumza naye, tukasogeza jiko mbali na ukuta, tukampa ndoo ya mchanga na namba yangu ya simu. Anafika kabla ya jua kuchomoza na anaujua moshi wa jiko na moshi usio wa jiko. Mtu wa namna hiyo ni wa kumweka upande wako.

Mitungi ya kuzimia moto isinunuliwe kwa kufuata bei tu. Ile ya poda inazima vitu vingi, lakini unga wake unaingia kila mahali na ukikutana na unyevu wetu unakula chuma na kuharibu nguo na karatasi. Iweke jikoni na kwenye jenereta. Karibu na fanicha, nguo na vitabu, mtungi wa maji unafaa, na karibu na vifaa vya umeme uwe wa kaboni dayoksaidi, na anayeutumia ndani ya chumba kidogo atoke mara moja kwa sababu gesi hiyo inafukuza hewa ya kupumua. Kwa mitungi yenye kipimo, mshale uwe kwenye kijani. Uangalieni kila mwezi. Kitambua moshi nacho kilie pale mlinzi anapokaa. Kinacholia ndani ya korido iliyofungwa hakimsaidii mtu.

Nyumba za nyasi na makuti ni habari nyingine. Kasubi ilikuwa na paa kubwa la nyasi, na paa la namna hiyo likishashika halizimiki kwa mtungi. Hapo nguvu yote iende kwenye kuzuia: hakuna kuchoma taka karibu, hakuna sigara, mpira wa maji mrefu unaofika kila nyumba, na moto ukitokea, maji yamwagwe kwanza kwenye paa la jirani ambalo halijashika.

Waalike zimamoto kabla hujawahitaji. Jeshi hili lina kazi ya ukaguzi na mafunzo kwa mujibu wa sheria yake ya mwaka 2007, na maofisa niliofanya nao kazi walikuja kwa moyo mweupe walipoelezwa nyumba ile ni ya nani na ina nini. Watembeze. Waonyeshe geti, wapime kama gari linapita na linageuka. Watafuteni pamoja bomba la zimamoto lililo karibu na mlifungue kuona kama linatoa maji, kwa sababu Rio mabomba ya jirani hayakuwa na maji ya kutosha na ikabidi yaletwe kwa maboza. Kama una tanki lako, muulize ofisa aina ya kiungio kinachoingiana na mpira wao. Waambie pia jengo limejengwa kwa nini. Matumbawe ndiyo tunayoyachoma kupata chokaa. Ukuta wake ukipigwa na moto mkali unadhoofika, na maji ya baridi yakiupiga ghafla unapasuka. Sakafu ya ghorofa iliyojazwa mawe na chokaa juu ya boriti ni nzito sana, boriti zikiungua inashuka yote. Beit el Ajaib ya Zanzibar ilipoporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020, wakati ukarabati ukiendelea, watu wawili walipoteza maisha bila moto wowote. Kwa hiyo hata moto ukizimwa, asiingie mtu mpaka mhandisi aseme.

Orodha ya vitu vya kutolewa ichukue muda wenu, maana ndiyo inayouma. Kaeni wote, mhifadhi, mfagiaji, mwongozaji, na familia ya mwenye nyumba kama ipo, mkubaliane vitu visivyozidi vichache kwa kila chumba. Msichague kwa bei. Kitanda cha kale kinaweza kupatikana kingine kinachofanana. Daftari lenye mwandiko wa mwenyewe halipatikani. Kila kitu kiwe na karatasi yake yenye picha, mahali kilipo, kinabebwa na watu wangapi, kinafunguliwaje kutoka ukutani. Askari wa zimamoto hajui “kiti cha mzee” ni kipi kati ya viti sita. Orodha hii isitundikwe wazi, ni zawadi kwa mwizi. Ikae kwenye bahasha ndani ya kisanduku cha funguo, na anayetoa vitu ni zimamoto au mtu aliyeruhusiwa nao.

Vikitoka vinakwenda wapi? Zungumza mapema na shule, msikiti au kanisa la jirani, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa ajue, ili watu wa mtaa wawe walinzi badala ya watazamaji. Turubai, mashuka, mikeka na ndoo vikae kwenye sanduku nje ya jengo kuu. Masika, turubai ni la lazima.

Maji ya kuzimia yanaumiza karibu sawa na moto. Maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town ilipoungua tarehe 18 Aprili 2021, milango ya kuzuia moto iliokoa hifadhi za chini, lakini maji yakajaa humo na kazi kubwa ikawa kuyatoa makaratasi yaliyolowa. Kwa joto letu kuvu inaanza ndani ya siku mbili. Karatasi zilizoshikana usizibandue. Zifunge kwenye plastiki na uzigandishe, na ndiyo maana unahitaji makubaliano na mtu mwenye friza kubwa safi, hata kama ni mfanyabiashara wa samaki. Picha usiziguse usoni. Mbao zikauke kivulini, taratibu, kamwe siyo juani. Masizi yasifutwe kwa kitambaa cha maji, yanazama ndani.

Na daftari la usajili wa vitu, lile lenye historia ya kila kitu na nani alikileta. Rio walipoteza rekodi za sauti za lugha ambazo wasemaji wake wameshakufa. Sisi tuna kanda za wazee waliotusimulia harakati za uhuru, na nyingi ziko kwenye droo moja ndani ya nyumba ile ile wanayoisimulia. Zinakilini. Nakala moja ikae taasisi nyingine hapa mjini, nyingine mkoa mwingine kabisa, na jina la anayeishika liandikwe nyuma ya ule ukurasa wa mlinzi, pamoja na tarehe ambayo mara ya mwisho mtu aliifungua akasikia sauti inatoka.